Maswali ya Wasomaji: Mwalimu Nyerere, kura tatu na vyeo alivyoviacha

SWALI: Babu husema uhuru wa Tanganyika uliamuliwa Tabora, kwenye "kura tatu". Shuleni tulipita juu juu. Kura hiyo ilikuwaje hasa, na kwa nini Mwalimu aliikubali ilhali ilikuwa ya kibaguzi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Babu yako hakukosea. Serikali ya kikoloni ilipanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria katika majimbo 10, kila jimbo viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua mmoja katika kila kundi. Ukimpigia Mwafrika peke yake na kuziacha nafasi nyingine wazi, kura yako imeharibika.

Wala si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ulitakiwa uwe umefika darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe na cheo kilichotambuliwa. Mkulima wa kawaida alibaki nje. Ndiyo maana wajumbe wengi walifika kwenye mkutano mkuu wa TANU, Tabora, Januari 1958, wakiwa wameshaamua kususa.

Nyerere alipiga hesabu nyingine. TANU ikisusa, viti vinachukuliwa na UTP, chama kilichopendelewa na serikali, nayo TANU inabaki kupiga kelele nje ya baraza. Ikishiriki, sharti lile lile la kura tatu linawageukia waliolitunga: wapiga kura wengi ni Waafrika, basi hao hao ndio watakaoamua Mzungu gani na Mwasia gani aingie. Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo ufundi wake wa siasa kuliko katika hotuba yoyote.

Palikuwa na kikwazo kimoja ambacho husahaulika. Wakati ule TANU ilipokea Waafrika tu. Rangi nyingine zilifunguliwa mlango mwaka 1963. Kwa viti vya Wazungu na Waasia, kwa hiyo, ilibidi chama kiwaunge mkono watu wasio wanachama wake. Derek Bryceson na Sophia Mustafa waliingia barazani kwa njia hiyo.

Uamuzi ule, ambao hadi leo huitwa "uamuzi wa busara", ulikuwa na gharama. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake cha Congress. Tena Agosti 1958, kura zikiwa zinakaribia, mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa maandishi yaliyowakashifu maofisa wa wilaya: faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita. Tazama kiasi hicho, ni sawasawa na kipato cha mwaka mzima kilichotakiwa ili mtu apige kura. Faini ililipwa, akabaki huru. Majimbo matano yakapiga kura Septemba, matano Februari 1959, na UTP ikasambaratika. Uchaguzi wa 1960 ulipofika, TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

SWALI: Naandaa wasifu wa Mwalimu. Siku ya uhuru alikuwa Waziri Mkuu au Rais? Vitabu vinanichanganya. – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Waziri Mkuu. Aliapishwa kwa cheo hicho Mei 1961, tulipopata madaraka ya ndani. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru, mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Urais ulikuja na Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962. Mkanganyiko unatokana na siku na mwezi kufanana, basi usiandike tarehe bila mwaka.

Angalia pia pengo lililo katikati. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Wengi huandika kana kwamba aliongoza serikali mfululizo. Viongozi wa TANU walikuwa wamehamia serikalini na chama kikabaki kitupu. Alitoka ili akijenge upya mikoani, kisha akarudi kwa kura ya urais ya Novemba 1962, alipomshinda Mtemvu kwa mbali.

Kosa jingine la kawaida ni kuandika "uhuru wa Tanzania 1961". Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Muungano ulikuwa 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo.

SWALI: Je, Mwalimu aling'atuka kwa sababu muda wake kikatiba uliisha? – Msomaji, Musoma

JIBU: Hapana. Ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano uliingizwa katika katiba kwa marekebisho ya 1984, naye alikuwa madarakani tangu zamani. Angeweza kugombea tena. Aliondoka Novemba 1985, akampisha Ali Hassan Mwinyi, na neno la Kizanaki "kung'atuka" likaingia katika Kiswahili cha kila siku.

Lakini usiseme aliacha yote mwaka huo. Uenyekiti wa CCM alibaki nao hadi 1990, na katika mfumo wa chama kimoja kiti hicho kilikuwa na nguvu kubwa. Mauti yalimkuta London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa bado msuluhishi wa mgogoro wa Burundi.