Kabla ya kuzama kwenye nadharia ya nyuzi

Wanafunzi wangu wa fizikia huniletea video zinazodai kwamba mvutano (graviti, ule unaoangusha vitu chini) na kwanta (fizikia ya vitu vidogo kama elektroni) vimeshaunganishwa. Mimi huwajibu hivi: dimensheni 10 za nadharia ya nyuzi, ile inayosema chembe ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, ziwekeni kando kwanza, mwulizeni mwenye video anataka kupima nini.

Mgogoro kati ya hivyo viwili mbona unaelezeka. Tangu Einstein, mwaka 1915, mvutano ni kupinda kwa anga na wakati, na kila kitu kina mahali pake. Kwenye kwanta, elektroni inaweza kuwa katika hali ya kuwa hapa na pale pamoja, hadi ipimwe. Haya, kitu cha namna hiyo mvutano wake unavutia kuelekea wapi? Mwanafizikia Richard Feynman alilitupa swali la aina hiyo kwenye mkutano wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1957. Ukianzia hapo, mengine yanafuata.

Ukitumia hesabu za kawaida za kwanta kwenye mvutano, zinakuletea infiniti, yaani majibu yasiyo na kikomo, zisizofutika. Nadharia ya nyuzi inazikwepa. Mshindani wake, nadharia ya vitanzi, inaikata anga yenyewe vipande vipande. Zote mbili zinazungumzia urefu wa karibu na ule uitwao wa Planck, yaani mita 1 ukiigawa kwa 1 yenye sifuri 35. Mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya, haifiki huko hata kwa ndoto.

Ndiyo maana napenda jaribio lililopendekezwa mwaka 2017. Chukua punje mbili za almasi, kila moja iwe hapa na pale, na kisiziunganishe kitu chochote ila mvutano. Zikishafungamana kikwanta, yaani hali ya moja isielezeke bila ya nyingine, ni vigumu mno kudai kwamba mvutano hauna ukwanta ndani yake. Halijafanyika bado, na msidhani ni uvivu: mwaka 2021 watafiti wa Vienna walipopima mvutano wa kijitufe cha dhahabu chenye kipenyo cha milimita 2 na uzito wa miligramu 90 hivi, ilikuwa habari kubwa. Punje za almasi zinazotakiwa ni nyepesi kuliko hicho mara mabilioni!

Kwa anayeanza, basi, soma kwanza mifumo ya kwanta yenye hali mbili tu. Matriki za mbili kwa mbili na namba changamano zinatosha kukokotoa kiini cha jaribio hilo kwenye karatasi moja. Tensa, hesabu za anga iliyopinda, zisubiri.