Plagi ya Gari la Naitrasi Ikiharibika, Isome Kabla ya Kuitupa

Gari lenye naitrasi, ile gesi ya kuongeza nguvu ya injini, likianza kumisi, wengi hukimbilia duka la vipuri kununua plagi mpya. Nakuomba, wewe wa Tanga uliyefunga chupa ya gesi hiyo kwenye buti, usianzie huko. Kwenye injini ya namna hii ni nadra plagi kufa kwa kosa lake yenyewe. Kuna kitu kimeiua, na bado kimo ndani ya gari. Ukifunga mpya bila kukitafuta, safari ijayo itakayoungua ni pistoni.

Naitrasi yenyewe haiwaki. Ikiingia kwenye silinda, joto la kama nyuzi 300 huivunja, na oksijeni yake huachiliwa. Kwa uzito, oksijeni ni asilimia 36 ya gesi hiyo, na kwenye hewa ya kawaida ni kama 23. Oksijeni hiyo ya ziada inadai petroli ya ziada. Petroli ikipungua, au cheche ikiwahi mno, joto na presha hupanda ghafla na injini hugonga. Wa kwanza kuumia ni ule mkono mwembamba uliopinda mbele ya ncha ya plagi. Umejitokeza katikati ya moto, na joto lake lina njia moja tu ya kutokea, kwenye shina lake.

Plagi iliyozunguka Ngamiani ikisimama kila makutano haina la kukwambia, kwa kuwa masizi ya mwendo wa polepole yamekwishafuta alama zote. Funga plagi mpya, kimbiza gari kwa mzigo kamili muda mfupi naitrasi ikiwa wazi, kisha funga gesi na uzime injini hapo hapo huku gia ikiwa huru. Usiiache ingurume. Fanya hivyo kwenye uwanja uliofungwa tu, na usirudishe ufunguo mpaka usukani ukajifunga gari likiwa bado linatembea. Barabara ya Pongwe ina bodaboda na watoto wa shule, hapo si pa kujaribia. Ukizifungua, andika namba ya silinda kwenye kila plagi. Zikichanganyika kwenye ndoo, nusu ya habari imepotea.

Sasa chukua lenzi na tochi. Anza na kauri nyeupe inayozunguka ncha ya katikati. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, injini imeanza kugonga. Ukiona chembe zinazong'aa rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni iliyorushwa na kunata pale, na gari hilo lisiwashwe tena kabla ya uchunguzi. Kauri iliyopasuka au kumeguka mara nyingi ni kazi ya kugonga. Ncha ya katikati iliyoyeyuka na kauri yenye malengelenge ni habari nyingine: mchanganyiko unawaka kabla ya cheche, na kitu kimojawapo mle ndani, mara nyingi plagi yenyewe, kimekuwa kaa la moto.

Kisha tazama mkono. Moto huacha mstari pale rangi ya chuma inapobadilika. Napenda kuuona karibu na pale mkono unapopinda. Ukishuka hadi kwenye shina, taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, imewahi mno, irudishe nyuma. Wengi huanza na nyuzi 2 za mzunguko wa injini kwa kila nguvu farasi 50 zinazoongezwa, na mimi nakubaliana nao.

Kijana mmoja aliniletea Mark II yenye silinda sita. Plagi ya silinda ya tano ilikuwa haina mkono kabisa. "Fundi, nibadilishie tu, niwahi kurudi." Nikamwambia, "Mdogo wangu, tuzitazame zote kwanza." Zote zilikuwa nyeupe kupita kiasi, zenye pilipili. Ingekuwa moja tu, ningeishuku nozeli au koili ya silinda ile. Zikiwa zote, tatizo liko kwenye kitu ambacho silinda zote zinachangia. Tukapima presha ya petroli: gari likiwa limesimama ni nzuri, likipewa mzigo inaanguka. Waya wa hasi wa pampu ulikuwa umeoza kwa kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Hewa yetu ya chumvi hula viunganishi hivyo taratibu, na mjini hutajua, kwa sababu petroli bado inatosha. Ni naitrasi inayofichua. Kwa hiyo pima umeme kwenye pampu yenyewe huku injini ikifanya kazi, usipime kwenye betri peke yake.

Joto letu nalo lina sehemu yake. Chupa hufanya kazi vizuri kwenye psi 900 hadi 1,000. Iache kwenye buti juani mwezi wa pili, presha itapita hapo, na gesi itakayoingia itakuwa nyingi kuliko petroli iliyopangiwa. Soma geji kabla ya kufungua, na chupa ikiwa ya moto, subiri ipoe.

Ukishapata chanzo, ndipo ununue. Chagua plagi ya baridi zaidi, yaani inayopitisha joto haraka kwenda kwenye hedi, kwa hatua moja au mbili, na angalia namba kwa makini: kwa NGK namba kubwa ni baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume. Mkono mfupi, ncha isiyochomoza sana, na gepu (nafasi kati ya ncha na mkono) la milimita 0.7 hadi 0.8 ndivyo ninavyopendelea. Kaza kwa torki renchi. Plagi iliyolegea haikai vizuri kwenye hedi, haipozwi, na hurudi kuwa kaa lile lile. Za bandia zimejaa madukani, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayemwamini hata kama bei inauma.

Na kama mkono umekatika, tafuta kipande kabla ya kuwasha. Ingiza kamera ndogo kwenye tundu la plagi, tazama kichwa cha pistoni, kuta za silinda na vali, kisha pima kompresheni ya silinda zote. Kipande kikikosekana mle ndani, fungua eksozi ukitafute huko.