Joto la Dar na uniti za LUKU: pa kuokolea fedha kabla hujawasha AC

Ikifika Desemba, kila nyumba ya Dar es Salaam ina hesabu yake ya umeme. Kaskazi inavuma na joto lenye unyevu, jasho halikauki mwilini, na mpaka Machi shuka la kujifunika linabaki limekunjwa kabatini. Ndipo watu wanaanza kununua umeme mara mbili kwa wiki na kuilaumu mita. Mimi naishi Tabata, kwenye nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa bati, na jambo hili nalifuatilia kwa makini kwa sababu fedha inayoishia kwenye LUKU, mita yetu ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ndiyo hiyo hiyo ya ada na nauli za watoto. Nilichojifunza ni kwamba gharama ya kupoza nyumba inaamuliwa na paa, ukuta na dirisha kabla haijafika kwenye rimoti.

Kwanza hesabu, maana wengi wanatumia umeme bila kujua wanalipa nini. Mteja wa kawaida wa nyumbani analipa shilingi 292 kwa uniti (kilowati moja kwa saa moja), na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika shilingi 356 hivi. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28, kabla ya kodi ya majengo ambayo siku hizi inakatwa humo humo. Wale wa matumizi madogo wanapata uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 9,150. Bei hiyo ina masharti: ukizoea kuvuka uniti 75 unahamishiwa kundi la juu.

Sasa chukua AC ndogo ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) inayovuta wati 900. Ikifanya kazi usiku kucha kwa saa 8 bila kompresa (mashine inayosukuma gesi) kupumzika, imekula uniti 7.2, yaani zaidi ya shilingi 2,500 kwa usiku mmoja. Kwa mwezi ni kama elfu 77. Pangaboi la wati 70 kwa saa zile zile linakula uniti 0.56, ambayo haifiki hata shilingi 200. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niseme AC iwe kimbilio la mwisho, na hata ikiwashwa ikute chumba ambacho hakijachomwa na jua kutwa nzima.

Anza juu. Desemba na Januari jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo linalopokea kipigo kikubwa. Panda kwenye stuli saa 9 alasiri uweke kiganja kwenye dari ya chumba chako. Kama ni moto, basi dari yako imegeuka jiko, na feni iliyo chini yake inakuzungushia hewa ya moto tu. Bati likishika joto linalisukuma chini kwenye kenchi, linakwenda darini, linakushukia kitandani mpaka usiku.

Nyumba isiyo na dari kabisa, dawa yake ya kwanza ni dari, hata iwe ya bodi za kawaida. Ukishakuwa na dari, angalia kama hewa ya juu yake ina pa kutokea. Mafundi wengi wanaziba kila upenyo kwa kuogopa popo na panya, joto linafungiwa humo. Acha matundu pande mbili zinazotazamana chini ya paa, uyawekee wavu wa chuma. Anayejenga sasa hivi ana bahati, kwa sababu anaweza kutandaza foili inayong'aa chini ya bati kabla ya kupigilia, akaacha nafasi ya hewa, kazi ambayo baadaye inakuwa ngumu na ghali. Pia achague bati la rangi ya mwanga. Najua bati jeusi na la kahawia ndiyo mtindo, yanapendeza kweli, lakini kwa mji huu ni kujitafutia joto. Kwa paa lililokwisha kuezekwa, rangi nyeupe ya bati inasaidia sana, ila isafishwe, kwa kuwa vumbi likiganda rangi inapoteza kazi yake.

Kuta ni jambo la pili, na si kuta zote. Ule wa kaskazini na ule wa kusini upenu unaufunika kwa sehemu kubwa ya mchana. Wa mashariki na wa magharibi unapigwa na jua la chini, ambalo upenu haulizuii. Wa magharibi ndio mbaya kuliko wote kwa sababu unapigwa jioni, na tofali la saruji linatunza joto. Uguse saa 2 usiku utasikia bado una vuguvugu, na kama kitanda kimeegemezwa hapo, mwenye kitanda halali. Hamisha kitanda. Hiyo ni bure kabisa, na imewasaidia majirani zangu kadhaa ambao walikuwa tayari kukopa fedha za AC.

Dirisha la upande huo likingwe kwa nje. Watu wananunua mapazia mazito ya kuvuta ndani, lakini jua likishapita kwenye kioo joto limekwisha kuingia, na pazia linalipunguza kidogo tu. Jamvi la makuti, turubai la rangi ya mwanga lililofungwa mbele ya dirisha na kuachiwa nafasi ya hewa, au kibaraza kilichoezekwa, vyote vinafanya kazi nzuri zaidi.

Upepo tunao, tatizo tunauziba wenyewe. Madirisha ya zamani ya vioo vya vipande yalifunguka karibu yote. Haya ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu. Juu yake kuna wavu wa mbu ambao kwa wengi haujawahi kuoshwa. Uvue uutazame kwenye mwanga: vumbi limeziba vitundu. Uoshe kwa sabuni na brashi laini kila mwezi wakati wa kaskazi, halafu simama dirishani usikie tofauti. Kuhusu ukuta wa fensi, naelewa habari ya usalama. Hata hivyo unaweza kujengwa nusu tofali na nusu nondo au matofali ya matundu, upepo ukapita. Na uwanja usisakafiwe wote. Sakafu ya saruji inayopigwa na jua inakutemea joto mpaka usiku. Nyasi au hata mchanga wenye kivuli ni afadhali.

Mpangilio wa siku nao una uzito. Alfajiri fungua madirisha yote, nyumba ipumue. Jua likikolea, funga na ukinge yale yanayopigwa, acha wazi yale ya kivulini. Jioni hewa ya nje ikishapoa kuliko ya ndani, fungua tena, na feni ya kusimama uiweke karibu na dirisha ivute hewa ya nje. Maharage na supu vipikwe asubuhi au uani. Pasi ipigwe mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa sababu inakula umeme na kukuongezea joto kwa pamoja. Na feni izimwe mtu akitoka chumbani. Feni haipozi chumba, inampoza mtu kwa kukausha jasho lake. Ikizunguka peke yake haina inachokipoza.

Kwa wenye AC, yapo machache ya kushika. Kuiweka 16 hakuharakishi ubaridi, kunaifanya tu kompresa isipumzike. Weka 25 au 26, washa na pangaboi taratibu, utalala vizuri. Ziba mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa. Ukinunua mpya, ya invata (ambayo kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima) inagharimu zaidi dukani lakini kwa anayeitumia kila usiku inarudisha fedha. Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili. Ni kazi ya dakika chache, unafungua mfuniko wa mbele, unalichomoa, unaliosha kwa maji, unalikausha kivulini.

Hapa naomba tusikilizane vizuri kuhusu gesi. Fundi mmoja aliwahi kuniambia kila mwaka lazima gesi iongezwe kwa sababu inaisha kwa kutumika. Hapana. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki kama ya kupikia. Ikipungua maana yake inavuja mahali, na sisi tulio karibu na bahari chumvi inakula mabomba na kifaa cha nje mapema. Mwambie fundi atafute panapovuja na kuziba kwanza. Anayekujazia bila kukagua atarudi mwakani kuchukua fedha nyingine.

Wapangaji wanaochangia LUKU moja wana shida yao, maana mmoja akiwa na friji na AC wote wanaumia. Ugomvi hupungua namba zikiwa wazi. Andikeni uniti zilizobaki kabla ya kulala na mnapoamka, kwa siku chache, AC ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Tofauti itaonyesha nani achangie kiasi gani. Ikiwezekana kila mlango ufungiwe mita ndogo ya ndani. Hata mwenye nyumba yake peke yake afanye hivyo hivyo, ndivyo atakavyojua ni kifaa gani kinammaliza badala ya kubahatisha.

Kuna mahali sibani matumizi, na sitaki mtu abane kwa sababu ya kusoma haya. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa miili yao inashindwa na joto upesi. Chumba chao kikizidi joto, washa AC, na kata kwingine. Wape maji mara kwa mara hata kama hawajaomba.

Kazi za paa na dari zifanyeni Juni mpaka Septemba, hali ya hewa ikiwa ya baridi kidogo na fundi anaweza kukaa juu ya bati. Miti ipandwe mwanzo wa masika, ipate mvua. Upande wa magharibi mwarobaini unafaa sana, unavumilia ukame na unatoa kivuli kizuri, mti wa mkungu vilevile. Muipande mbali kidogo na msingi na shimo la choo, mizizi isije ikapasua.