Fomu nimeshalipia, sasa nimkaririshe mtoto majibu?

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nakaa Kisumu Ndogo hapa Malindi, mama wa watoto watatu. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi, mume wangu ni mhudumu katika hoteli ya ufuoni. Binti yetu wa kwanza yuko Gredi ya 6, na mwakani twataka aingie Gredi ya 7 katika shule moja ya binafsi ya kutwa. Fomu tumenunua 2,000, hazirudi. Intavyuu ni Septemba: mtihani wa Hesabu, Kiingereza na Kiswahili, halafu mtoto na wazazi waitwa ofisini. Nafasi ni chache. Binti afanya vizuri darasani lakini Kiingereza cha kuzungumza chamkwama. Jirani kanipa karatasi ya maswali na majibu nimkaririshe. Mwingine asema kuna mtu ndani, nikimpelekea 10,000 nafasi ipo. Karo ni 38,000 kwa muhula. Babake hataki kuja, asema mimi natosha. Nifanyeje?*
*Mama wa Gredi ya 6*

Waalaykum salaam, mwanangu. Nianze na huyo mtu wa ndani ili tumalizane naye. Usimpe. Binti akipita, atasema ni yeye aliyempitisha. Akikosa, simu yake itakuwa imezimwa, nawe huna pa kumshtaki. Hiyo 10,000 ina kazi nyingine, nitakuambia.

Karatasi ya jirani irudishe. Nimekaa miaka 11 upande wa pili wa meza ya intavyuu, tena katika shule mbili. Siku moja aliingia kijana, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mama ameketi nyuma yake akichezesha midomo. Nikamuuliza kwa Kiingereza, leo umekuja na nini? Akasimama wima akanijibu kwamba nia yake ni kuwa rubani na kuitumikia nchi. Nikauliza tena, tuktuk au miguu? Rubani. Karatasi yake ya Hesabu ilikuwa safi, lakini pale ofisini tulikuwa tunazungumza na mamake. Hakupata nafasi, na mpaka leo naona tulimwonea, maana kosa halikuwa lake.

Wewe darasa la Kiingereza unalo jikoni. Jumamosi ukikanda unga, akueleze kwa Kiingereza unachofanya: kwa nini tui na si maji matupu, iliki yatwangwa vipi, kwa nini mafuta yasipopata moto hamri hulala na kunywa mafuta badala ya kufura. Akikosa neno, alizunguke kwa maneno mengine. Huko kulizunguka ndiko sisi tulikokuwa tukikutafuta. Kiingereza chako hata kiwe kidogo, kazi yako ni kumuuliza "halafu?" na kunyamaza. Usiku asome kwa sauti dakika 20, hadithi yoyote. Kwenye Hesabu mwambie aandike njia, si jibu tu. Mtoto aliyezoea kurudisha chenji kichwani huruka hatua, na kwetu hatua zilikuwa na alama zake.

Kuna atakayekuambia serikali ilipiga marufuku mitihani ya kuingilia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza shule ya umma kumpima mtoto ili kumkubali au kumkataa; ya binafsi hujichagulia. Na KPSEA, ile tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 atakayofanya mwisho wa mwaka, haimpangii shule ya Gredi ya 7, lakini asiidharau: itabeba asilimia 20 ya matokeo yake ya Gredi ya 9.

Sasa pesa. Umeniandikia karo ya 38,000, hukuniandikia basi wala chakula. Uliza leo. Tuseme basi ni 9,000 na chakula 7,000 kwa muhula. Jumla ni 54,000, mara tatu 162,000 kwa mwaka, yaani 13,500 kila mwezi, miezi ya likizo kama Desemba pia imo. Sare na vitabu sijagusa. Na mdogo wake anakuja nyuma.

Lakini si jumla inayonitia wasiwasi, ni kalenda. Muhula wa kwanza ni Januari: watalii wapo, tipu zipo, mtalipa mkicheka. Wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei yenyewe, mvua inanyesha, kusi limeingia, hoteli za ufuoni zinafunga milango au kubakisha watu wachache. Mumeo mwezi wa Mei huleta nini nyumbani? Hilo ndilo swali la intavyuu yenu nyinyi, na mlijibu kabla ya Septemba.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Marehemu mume wangu naye alikuwa wa hoteli, na kijana wetu tulimpeleka shule ya namna hiyo kwa furaha kubwa. Juni ya mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani saa nne asubuhi nikamkuta amekaa barazani, begi magotini, tai ameikunja vizuri ameitia mfukoni. Walikuwa wamesomewa majina paredi, mbele ya wenzao. Hakuniambia lolote, aliniuliza tu kama kuna chai. Tulimaliza deni, akarudi, lakini mkono hakunyoosha tena darasani mwaka ule.

Basi ile 10,000 iwe ya kwanza ya akiba ya Mei. Na mkiwa ofisini ulizeni: karo mnapokea kwa mwezi? Wakikubali, waandike. Ahadi ya mdomo huondoka na mhasibu aliyeitoa.

Ulizeni na mengine, msione haya, mmelipa 2,000 za kuuliza. Wanafundisha mtalaa wa Kenya au wa Cambridge, ule wa Uingereza? Ukiwa wa Cambridge, njia yake ni mtihani wa kimataifa uitwao IGCSE, na kumrudisha katika mfumo wetu katikati ya safari ni kazi. Maabara ya sayansi ipo? Ombeni kuiona, mtazame kama mabomba yana maji. Mtandio na suruali chini ya sketi vinaruhusiwa? Na basi lamfikisha nyumbani saa ngapi? Likimshusha saa kumi na moja, chuo cha Qur'ani cha jioni kimekwenda, na huyo ni mtoto ambaye pengine amebakisha juzuu chache. Zungumzeni na ustadhi mapema.

Cheti cha kuzaliwa kitoe sandukuni usiku huu, ukilinganishe na ripoti za shule. Huku kwetu mtoto huzaliwa Mwanaisha, akaandikishwa shule Aisha, na Omari wa babake akawa Omar. Herufi moja yaweza kukupandisha na kukushusha ngazi za ofisi wiki nzima.

Na babake aje. Mwalimu mkuu hataki kuona suti, ataka kujua nani atapokea simu Mei karo ikichelewa. Kama ni Kiingereza kinachomtia haya, azungumze Kiswahili chake cha Malindi. Walimu wakuu niliofanya kazi chini yao wengi walitoka bara, na mzazi akifungua mdomo kwa Kiswahili kilichonyooka, waliokuwa wakitokwa na jasho ni wao.