Nyota iliyokufa inapata wapi nguvu yote hiyo?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni fundi baiskeli hapa Tabora. Mwanangu yuko kidato cha tatu, juzi kaja na habari kwamba kuna nyota ilishakufa, inaitwa Vela, na wataalamu kule Namibia wameikuta inatoa miale yenye nguvu kupita kiasi. Sasa kitu kimekufa kinapata wapi nguvu? Na hiyo miale haitudhuru? (Fundi, Tabora)

JIBU: Fundi wangu, jibu unalo hapo hapo kijiweni kwako. Chukua baiskeli yenye dainamo, ibonyeze iguse tairi afu kanyaga. Taa inawaka, si ndio? Ila pedali papo hapo inakuwa nzito, yaani ule mwanga unaulipia kwa mguu wako, na ukiacha kukanyaga gurudumu litazunguka kidogo tu huku linapunguza mwendo na taa inafifia. Palsa, yaani kiini cha nyota iliyolipuka kinachobaki kikizunguka kwa kasi kama hiyo Vela, ndo hivyo hivyo. Vela ililipuka miaka kama 11,000 iliyopita, kikabaki kiini chenye uzito kuzidi Jua letu kimeshindiliwa kwenye kipenyo cha kilomita 20 hivi, ungekiweka Dar kingeanzia Posta kikaishia karibu na Tegeta. Haichomi tena kitu chochote ndani, kwa maana hiyo imekufa kweli, lakini inazunguka mara 11 kila sekunde, na usumaku wake unazidi wa Dunia zaidi ya mara trilioni 1. Sumaku inayozunguka ni dainamo, hakuna namna. Na pedali yake nayo ni nzito: kila mwaka mzunguko wake mmoja unachelewa kwa karibu sehemu 4 za milioni za sekunde. Hicho kidogo kinachopotea ndo kinalipia miale yote.

Sasa umeme wake haupiti kwenye waya. Volti pale ni matrilioni, zinang'oa elektroni (zile chembe ndogo za umeme) kwenye uso wa nyota na kuzirusha kufuata mistari ya sumaku, na kwa kuwa mistari imepinda elektroni nazo zinalazimika kupinda, na elektroni yenye kasi ikipinda inatoa mionzi ya gama, yaani mwanga wenye nguvu kupita wote na usioonekana kwa macho. Mionzi hii satelaiti ya Fermi, darubini ya gama iliyorushwa angani 2008, inaiona vizuri sana kwa Vela, ila ikipita elektronivolti bilioni chache inashuka ghafla (elektronivolti ni nguvu inayopata elektroni moja ikisukumwa na volti moja). Wengi waliona hadithi imeishia hapo.

Oktoba 2023 watu wa H.E.S.S., zile darubini tano zilizoko nyanda za juu za Khomas huko Namibia, wakatangaza kwamba wamepata miale ya Vela inayofika elektronivolti trilioni 20. Mwanga wa taa yako ya baiskeli ni elektronivolti 2 au 3 tu kwa kila chembe ya mwanga! Na walijuaje ni ya palsa yenyewe na si ya lile wingu la gesi na chembe linaloizunguka? Kila mwale uliandikwa muda wake wa kufika, wakaupanga kwa ule mzunguko wa nyota wa milisekunde 89 (sehemu 89 za elfu za sekunde), ikakutwa inarundikana sehemu moja ya mzunguko, kama taa ya mnara wa bandarini inavyokumulika kila ikigeuka.

Hapa ndo mi napapenda zaidi. Mwale mkali hivyo usingeweza kutokea karibu na nyota, maana usumaku wa pale ungeuvunja ukawa elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) kabla haujatoka. Kwa hiyo umezaliwa mbali. Mbali wapi? Wakumbuke watoto wameshikana mikono mstari mmoja wanazunguka, wa katikati anageuka tu taratibu, wa mwisho anakimbia mpaka anaachia mkono. Mistari ya sumaku ya Vela ikifika kama kilomita 4,200 kutoka katikati ingetakiwa kwenda kasi ya mwanga, haiwezi, basi inafunguka na kutiririka nje. Hapo au nje ya hapo kuna elektroni zimeongezwa mwendo kupita kiasi, zinagongana na chembe za mwanga hafifu na kuzirusha zikiwa gama. Na huwezi kutoa elfu 20 kwenye mfuko wenye elfu 10, kwa hiyo elektroni zenyewe lazima zilikuwa na elektronivolti trilioni 20 au zaidi. Zinafikaje huko bado wanabishana, wengine wanasema mistari ya sumaku inakatika na kujiunga upya, wengine wanasema ni ule upepo wa chembe unaotoka kwenye nyota.

Kuhusu kudhurika, kaa kwa amani na mwambie na kijana. Hakuna mwale unaofika chini. Ukigonga hewa kilomita kama 10 juu unavunjika kuwa mvua ya chembe, na mvua hiyo inatoa mmweko wa buluu wa sehemu chache za bilioni za sekunde. Darubini za Namibia zinapiga picha mmweko huo, si mwale wenyewe, ndo maana zimejengwa mlimani, mita 1,800, kwenye giza na hewa kavu. Mwezi wa tatu, saa tatu usiku, tokeni nje mgeukie kusini, juu kidogo ya nusu ya anga. Palsa yenyewe hamtaiona kwa macho, lakini iko upande huo, umbali wa miaka ya mwanga karibu 1,000.