Sheria si kumeza vifungu: nilivyoisoma Malimbe

Mdogo wangu wa Sengerema, umesema umemaliza kidato cha sita kwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), umechaguliwa kusoma shahada ya sheria hapa Mwanza, na mjomba wako anakutisha kwamba sheria ni ya watu wenye kichwa cha kumeza vifungu na Kiingereza cha kutema. Unauliza kama ubadilishe kozi mapema. Mimi nimeisoma shahada hiyo chuoni Malimbe, hapa Mwanza, nikaenda Dar kwa mafunzo ya vitendo, na leo ni wakili hapahapa Mwanza. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu alichokuambia mjomba wako ndicho nilichokuwa nakiamini mimi, na kiliniharibia karibu mwaka mzima.

Nilivuka kutoka Ukerewe na begi moja na mfuko wa dagaa, nikapanga chumba na binti aliyekuwa anasomea ualimu. Nikasikia wanaosoma sheria wanahitaji madesa, yaani vitini vya muhtasari, nikayanunua yote pale kwenye stesheneri: mikataba, jinai, katiba, mfumo wa sheria. Kila kesi ilikuwa imefupishwa kwa mistari miwili. Nilipiga msuli hadi usiku wa manane, nikayameza kama yalivyo.

Moja ya mistari hiyo ilihusu kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Desa lilisema: Mahakama Kuu Mwanza iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawasawa na mwanamume. Basi. Kwenye tesiti likaja swali: mama mmoja wa Kagera ameuza shamba la ukoo kwa mtu wa nje, kaka yake ana fedha mkononi na anataka shamba lirudi, nawe umpe huyo kaka ushauri wa kisheria. Niliandika kurasa tatu za usawa wa binadamu na ibara ya 13 ya Katiba, nikamwambia huyo kaka hana chake. Nilipata 9 kati ya 30. Chini ya karatasi mwalimu aliandika swali moja tu: "Hukumu yenyewe umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Siku hiyo niliingia maktaba nikaitafuta, nikakaa nayo mchana kutwa.

Bi Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa Gervazi Kaizilege, asiye wa ukoo wao, kwa shilingi 300,000. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Bernardo akaja Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho desa lilikuwa limekikata. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama zilianza kuzisimamia Machi 1988. Ona tarehe ya mauzo: miezi mitano tu baadaye. Jaji alisema zuio lile linambagua mwanamke kinyume cha Katiba, na kuanzia hapo mwanamke atauza kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Na masharti ya mwanamume ni yapi? Kwamba akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya ndugu, ndugu wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Kwa hiyo Bernardo alipewa nafasi ya kulikomboa shamba kwa 300,000 ndani ya miezi sita. Yule kaka wa kwenye tesiti alikuwa na njia, nami nilimfungia mlango kwa sababu ya mistari miwili ya kununua.

Nimeirefusha hadithi hii kwa makusudi, kwa sababu ndiyo jibu langu kwako. Shahada ya sheria inakufundisha kusoma uamuzi wa mtu mwingine hadi uone kwa nini aliamua hivyo, na uamuzi huo ungegeukia wapi kama jambo moja lingebadilika. Vifungu vinakaa kichwani vyenyewe ukivitumia. Sikuwahi kukaa chini kukariri kuwa kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinaeleza makubaliano gani ni mkataba, au kwamba kosa la kuua kwa kukusudia liko kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu. Nilivifungua mara nyingi mno, vikazoea kukaa.

Baada ya pale nilinunua daftari kubwa la kaunta, kila hukumu ikapata ukurasa wake. Juu: nini kilitokea, nani kamfanyia nani. Kisha swali ambalo mahakama ililazimika kulijibu. Kisha jibu. Kisha sababu iliyolibeba jibu, kwa maneno yangu, maana jaji husema mengi ya pembeni ambayo siyo yaliyoamua kesi. Mwisho niliandika: "je, ingekuwa…?" Je, ingekuwa Bi Holaria ameuza mwaka 1987? Mstari huo wa mwisho ndio ulionivusha mitihani yote iliyofuata, kwa sababu maswali ya sheria karibu yote ni "je, ingekuwa" ya kesi fulani. Hukumu hutazinunua, ziko bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na simu yako ya kawaida inazifungua.

Kuhusu Kiingereza, sitakudanganya. Hukumu za zamani zina sentensi ndefu kama foleni ya kivukoni. Nilichofanya, kila jioni nilimsimulia yule mwenzangu wa ualimu kesi moja kwa Kiswahili. Asipoelewa, nilijua mimi ndiye sijaelewa, nikarudi kusoma. Kwenye karatasi niliandika sentensi fupi, hoja moja moja, na hakuna mwalimu aliyenikata alama kwa ufupi. Zaidi ya hapo, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Masomo utayakuta kwa Kiingereza, lakini mteja wangu anaingia ofisini na Kiswahili chake, au Kisukuma, na kazi yangu ni kulitoa jambo upande mmoja hadi mwingine bila kumwaga hata tone. Kwa hiyo Kiswahili chako cha Sengerema ni nyenzo ya kazi, usikionee haya hata kidogo.

Kingine kilichonisaidia kuliko semina nyingi ni kukaa mahakamani. Mahakama ni ya wazi. Unavaa nguo ya heshima, unazima simu, unakaa nyuma. Siku isiyo na vipindi nilipanda daladala kwenda mjini kusikiliza. Nakumbuka mvuvi wa dagaa aliyeeleza alivyovamiwa ziwani usiku na kunyang'anywa mashine ya mtumbwi, akasema alimtambua mmoja wa wezi. Wakili wa utetezi hakupayuka. Aliuliza pole pole: mlikuwa umbali gani? Taa ngapi zilikuwa zinawaka? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Nikasisimka, kwa sababu maswali yale nilikuwa nimeyasoma wiki hiyohiyo kwenye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (Waziri ni jina la mtu tu), kesi ya mwaka 1980 inayoonya juu ya utambuzi wa macho katika mazingira magumu. Tangu siku hiyo kila nikisoma kesi ile naiona taa ya mtumbwi.

Mengine kwa haraka. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa kuna dhiki, hivyo siku likiingia lipa kodi kwanza. Sapu, yaani mtihani wa marudio, haiui, nilipata moja, nikairudia, nikaendelea. Kinachowapeleka wengi disko, yaani kuondolewa chuoni, ni kuzilimbikiza. Kundi la kusoma liwe la watu wanne wanaobishana kwa hoja. Likifika kumi linakuwa kijiwe.

Jua pia kwamba shahada peke yake haikufanyi wakili. Kuna mwaka mwingine wa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 kulizuka mjadala mkubwa nchini: kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja, hadi waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Sababu zilijadiliwa nyingi. Mimi nasema ya kwangu niliyoyaona nilipokuwa pale: waliozoea madesa kwa miaka yote ya shahada walipata tabu mno walipopewa jalada la mteja na kuambiwa waandae hati ya madai, kwa sababu jalada la mteja halina desa.

Kwa hiyo kozi usibadilishe kwa hofu ya kumeza. Ibadilishe kama hupendi kusoma kwa utulivu au kuandika kila wiki, maana hayo hayakwepeki.

Kabla chuo hakijafungua, nakupa kazi moja. Tafuta hukumu ya Daudi Pete. Ilitokea Musoma, ikaamuliwa na Jaji Mwalusanya huyohuyo, ikafika Mahakama ya Rufani. Inahusu dhamana ya mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi. Muhtasari wa mtu usiufungue. Isome mara mbili, jaza ukurasa mmoja kama nilivyokueleza, kisha msimulie mjomba wako kwa Kiswahili mpaka aanze kubishana na wewe. Akibisha, mwandikie "je, ingekuwa" yake chini ya ukurasa, uniletee hapa tuijibu pamoja.