Fundi Anajibu: Nizifufue au Nizichinje?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kuhamisha mizigo. Mwezi uliopita tuliondoa vitu kwenye duka la piza lililofungwa, mwenyewe akaniachia mashine tatu za gemu za zamani, zile za kusimama na kutumbukiza sarafu. Moja ni Ms. Pac-Man, ya pili Galaga, ya tatu imepakwa rangi nyeusi mwili mzima na ina gemu la ndondi nisilolijua. Zilikuwa chumba cha chini ya ardhi ambacho kiliwahi kuingia maji. Kuna mtu anataka kununua bodi za saketi na tyubu za skrini tu, makabati nitupe. Mke wangu naye anaitaka gereji yake kabla theluji haijaanguka. Nizifufue, au nizichinje niuze spea? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya lolote, usichomeke hata moja kwenye umeme, na usitie mkono nyuma ya kioo. Tyubu ya inchi 19 ikiwaka hubeba volti elfu 20 na kitu, na inaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Nilijifunza kazi kwenye kibanda cha televisheni Kongowea, Mombasa. Siku moja nilimwona mwenzangu akirushwa hadi ukutani na seti iliyozimwa tangu asubuhi. Mpaka leo sigusi tyubu kabla ya kuimwaga chaji.

Sasa chukua bisibisi na tochi. Watu wengi huanza na skrini. Mimi huanza na miguu. Laza kila mashine chali, udunge mbao za chini kwa ncha ya bisibisi. Nyingi za miaka ile ni chipbodi, yaani vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, na chipbodi ikinywa maji huvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, haisinyai tena. Uvimbe ukiishia vidole vinne kutoka sakafuni, unakata pale na kuunga kipande kipya. Ukiwa umepanda hadi kwenye picha za ubavuni, kabati hilo limekufa. Bodi hutengenezeka na monita (skrini na saketi yake) hubadilishwa kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza chaji, ikarudi, lakini ubavu wa mwaka 1982 wenye picha yake ya asili ukishatupwa umekwenda. Kwa hiyo anayekwambia utupe makabati anakutaka utupe kitu ambacho hakirudi. Kabati likiwa hai, mashine isichinjwe.

Ms. Pac-Man fungua mlango wa nyuma, utazame plagi ndefu inayoishika bodi. Bodi hii hupokea umeme wa AC, yaani mkondo geu, moja kwa moja na kuugeuza yenyewe, kwa hiyo meno yanayobeba mzigo huo hupata moto miaka nenda miaka rudi. Utakuta mawili matatu yameungua rangi ya kahawa, na plastiki imekauka inavunjika kama ganda la yai. Wanunuzi wa spea hukuonyesha hapo wakasema bodi imekufa. Haijafa. Plagi mpya, meno yakasafishwa na kupakwa risasi ya kulehemu upya, mara nyingi inaamka. Angalia pia kama ile bodi ndogo ya pembeni ipo, iliyounganishwa kwa waya bapa hadi kwenye soketi ya Z80, chipu inayoendesha gemu. Gemu hili lilianza mwaka 1981 kama nyongeza ya Pac-Man iliyobuniwa na vijana wa General Computer Corporation, Massachusetts, na kampuni ya Midway wakalitoa mwaka 1982. Bodi hiyo ndogo ndiyo inayomfanya awe Ms.; bila hiyo unabaki na Pac-Man.

Galaga ina Z80 tatu na chipu maalumu za Namco, kampuni iliyolibuni, ambazo hazitengenezwi tena. Ikiwa ndiyo iliyooza kabati, basi hiyo ichinje kwa moyo mweupe, kwa sababu chipu zake zitaamsha Galaga nyingine iliyosimama bubu kwenye nyumba ya mtu.

Hiyo nyeusi ndiyo iliyoninyima usingizi tangu nisome barua yako. Miaka ya themanini wenye mashine walikuwa wakizigeuza: gemu likiacha kuleta sarafu, unapaka rangi juu ya picha na kuweka bodi nyingine. Hata Donkey Kong za kwanza Marekani, lile gemu la sokwe la Nintendo, mwaka 1981, zilikuwa kabati za Radar Scope, gemu lao jingine lililokosa soko. Mwaka 2009, hapa karibu na Chicago, nilichinja mashine nyeusi kama hiyo. Niliuza monita, paneli ya vitufe na mlango wa sarafu kwa watu watatu tofauti. Kisha nikapiga msasa ubavu nitengeneze rafu ya stoo. Ikatokea buluu hafifu, halafu kipande cha picha, mguu wenye manyoya. Ilikuwa Donkey Kong, na msasa wangu ulikuwa umeshaila nusu. Niliketi sakafuni hadi mke wangu akaja kuniita chakula.

Kwa hiyo yule mnunuzi mwambie asubiri. Mama naye ana haki ya gereji yake, hilo usibishane nalo. Kama huna nafasi ya zote tatu, uza moja nzima, hata kama haiwaki, kwa mtu atakayeitengeneza, na pesa hizo zinunue kapasita na plagi za hiyo unayobaki nayo. Moja kwa wakati. Nimeona gereji nyingi zenye mashine tano zilizofunguliwa na skrubu zote kwenye kopo moja.

Ile nyeusi fungua nyuma utafute monita ya Sanyo ya inchi 20, na transfoma inayotoa volti 100 badala ya 120. Vyote viwili vilikaa kwenye kabati za Nintendo. Kisha chagua sehemu ya chini ya ubavu, upana wa kiganja tu, usugue taratibu kwa kitambaa na spiriti. Msasa usiuguse. Ukiona buluu, acha hapo hapo, piga picha unitumie.